Ng'ombe Wapunguziwe Maji ili Ubao Wangu Ukae Sawa

Kwa Mama Gertrude,
Mwenyekiti, Kamati ya Silanga,
Sagalla.

Mheshimiwa Mama,

MINTARAFU: KUPIGWA MARUFUKU SILANGANI

Baada ya salamu nyingi za heshima, nimeliona tangazo lako mlangoni mwa kanisa kwamba nisionekane tena silangani, bwawa letu la kunyweshea ng'ombe, na "kile kidude." Nimeumia. Kidude kina jina: ni ubao wa kupaa juu ya maji. Mtu husimama juu yake akivutwa na tiara kubwa inayopeperushwa na upepo, na chini kuna mlingoti wenye mabawa mawili. Binamu yangu Phineas aliupata kwa mgeni wa hoteli huko Diani, naye anakuja Jumapili kunitazama. Nikishindwa, anaurudisha pwani. Mama, sijawahi kuwa na kitu kingine ambacho hata watu wa Voi hawana.

Mabawa niliyafunga mwenyewe, dogo mbele na kubwa nyuma, jinsi kuku alivyoumbwa. Kilichobaki ni kuusawazisha. Ukienda polepole haunyanyuki. Ukipata kasi, mkia unapanda kwanza nami nachimba matope kwa kichwa. Nimesogeza mlingoti mbele, nimepachika kipande cha kiatu cha akala, kile cha mpira wa tairi, kwenye bawa la nyuma, nimeegemea mguu wa nyuma hadi nyonga ikalia. Wapi! Basi kosa haliko kwangu, na malalamiko yangu ni haya:

1. Ng'ombe wanakunywa bila kiasi. Mlingoti unataka kina, na kila fahali akiinama, mimi nakwama. Wanyweshwe kwa kikombe.

2. Silanga ni fupi. Kasi ikifika, ukingo nao umefika. Ndiyo sababu nilitua kwenye kunde za Mama Kavinya, wala sikwenda kuiba kama anavyotangaza. Lichimbwe hadi Voi.

3. Kila Jumatano mnaombea mvua. Nani anaombea upepo? Naomba tupeane zamu: wiki moja mvua, wiki moja upepo, tena uanze taratibu, nipime mwendo wa polepole kabla ya ule wa kasi.

4. Kanisa linaukinga upepo huo. Lisogezwe. Madhabahu nitabeba mimi.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni.

Nisalimie Mzee, kwaya nzima, na Mama Kavinya, kunde zikishaota tena.

Wako mtiifu, hata nikiwa na matope masikioni,
Sylus Mwakima

Tanbihi: Phineas amepiga simu sasa hivi. Kumbe bawa kubwa hukaa mbele! Nimeyageuza, nikakimbia silangani kujaribu, nikawakuta ng'ombe wamesimama katikati, kwato kavu. Maji yamekwisha, Mama. Futa namba moja hadi nne. Lori la maji likija, ng'ombe wanywe washibe, na pipa la mama yangu lisisahauliwe. Ni tupu, tangu jana hatujapika. Jumatano nitakuja kwenye maombi. Ya mvua.