Mawimbi Ishirini na Manne ya Emérance

Jumapili, 11 Agosti

Emérance ameondoka asubuhi. Amekwenda Mwadingusha kwa dada yake, kukausha samaki wa ndoa. Atarudi Ijumaa. Nyumba ni yangu! Jumamosi tunamuoza mjukuu wetu Jenny.

Mke wangu ameniachia amri moja tu. Kile kifuniko cha kitanda alichomshonea Jenny kwa miaka miwili, vipande vya vikwembe, vitenge vya ukoo mzima, nikipeleke kwa fundi Casimir akizungushie utepe ukingoni. Ukingo wenyewe haujanyooka kama wa watu wenye akili. Ni mawimbi matupu, kama ziwa Tshangalele siku ya upepo. Ishirini na manne, nimeyahesabu. Macho ya Emérance yameingia ukungu, mshono mdogo hauoni tena. Alisema hiki ndicho kifuniko cha mwisho atakachoshona maishani. Alisema hivyo huku anafunga kamba ya mzigo, bila hata kulia. Mimi ndiye niliyeangalia pembeni.

Lakini Casimir! Casimir aliyecheza rumba naye mwaka 1974, mbele ya macho yangu, nyimbo tatu! Mpaka leo akinikuta ananiuliza magoti ya mama Emérance yanaendeleaje. Ndiye ashike kazi ya mke wangu? Jamais, kamwe.

Nitashona mwenyewe. Miaka thelathini nilikuwa ajusteur usine, fundi wa vyuma kiwandani. Nimekata mipira ya kuziba mabomba, yote ya mviringo, na hakuna iliyovuja. (Miwili tu.)

Jumatatu, 12 Agosti

Emérance ameacha kitambaa chekundu pamoja na maneno mengi. Eti utepe ukatwe mshazari, kutoka pembe hadi pembe, ndipo utakubali kupinda. Upuuzi. Ukikata pembe kwa pembe unabaki na pembetatu. Pembetatu za nini? Leso za mbuzi?

Nimekata nyoofu, kwa rula ya chuma. Safi! Hakuna hata uzi uliopotea.

Jenny alipita kuazima sufuria. Akauliza, maana babu na bibi wote anatuita kambo: "Kambo, unafanya nini na mashini ya kambo Emérance?" Nikamwambia naitia mafuta. Akacheka mpaka barabarani. Watoto wa siku hizi hawana adabu.

Jumanne, 13 Agosti

Nimeanza. Wimbi la kwanza: si baya. La pili: limejikunja juu kama sikio la mbwa. Mabonde yaliyo katikati yamejaa makunyanzi kama uso wangu. Nikasema yatanyooka yenyewe yakizoea.

Baada ya mawimbi saba nikakitandika kitandani. Hakikulala. Kilisimama! Upande mmoja umekuwa bakuli, unaweza kunywea uji. Nikakikalia nusu saa, nikavuta na usingizi kidogo. Nilipoinuka, nacho kikainuka.

Nikaleta pasi ya makaa. Sasa utepe wote, hata ule ambao haujashonwa, umenyooka, ila umekuwa mweusi. Nikafumua yote kwa kisu cha nyanya. Kifuniko ni kizima, Mungu mkubwa. Kitambaa chekundu, amani iwe nacho.

Jumatano, 14 Agosti

Kitambaa kinatakiwa. Ufunguo wa sanduku la Emérance uko nyuma ya picha ya Moyo Mtakatifu. Anaamini sijui. Najua tangu 1990.

Nimepata kikwembe cha jubilei ya parokia. Cha bluu, na Bikira Maria kila baada ya shubiri moja. Kimekunjwa vizuri, kinanuka naftalini. Kitu kinachofungiwa sandukuni hakitakiwi na mtu, hilo liko wazi. Mimi nina shati ya kitambaa hicho hicho, na naivaa mpaka kwenye dame, mchezo wetu wa vifuniko vya chupa ubaoni.

Nakiri niliufikiria ule mshazari. Lakini kukata mshazari ni kumkata Mama wa Mungu shingo! Ukikata nyoofu anabaki mzima, miguu na taji. Kwa hiyo nimekata nyoofu, kwa ajili ya dini.

Mawimbi matano. Masikio ya mbwa matano. Ndani ya kila sikio yuko Bikira Maria, ananiangalia.

Zimebaki siku mbili. Kikwembe kimebaki nusu. Nimeona uso wa Emérance akipapasa haya makunyanzi kesho kutwa. Sikula mchana. Kidogo tu, ugali wa bukari na mboga. Na samaki.

Alhamisi, 15 Agosti

Leo Bikira Maria kapalizwa mbinguni. Nimekaa kiti cha nyuma kabisa kanisani.

Baada ya misa nikatia kila kitu ndani ya gunia nikapita njia ya nyuma mpaka kwa Casimir. Kakifungua mbele ya wateja watatu, makusudi! "Mzee Numbi, weye ulitaka kumushonea tembo kofia?" Wakacheka wote. Mama mmoja alikaa chini kabisa.

Halafu Casimir akagusa mishono ya Emérance pale katikati. Akaniuliza kama ni kweli anachosikia kuhusu macho yake. Nikasema ndiyo. Akaniuliza kama hiki ni cha mwisho. Nikasema ndiyo. Akawaambia wateja warudi kesho.

Alikata mshazari. Mimi nilifumba macho. Vichwa vya Bikira upande huu, mabega upande ule. Nilimwomba Mama msamaha, hakujibu, labda kwa sababu mdomo ulikuwa umeshakatwa. Lakini utepe ulipinda kama nyoka! Kwenye vilima anaulegeza, kwenye mabonde anauvuta kidogo, sindano iko chini, anageuza, anakwenda. Hakuna kunyanzi hata moja. Nilimchukia sana.

Nikadai wimbi moja liwe langu. Ni mke wangu, bwana! Akanipa la kumi na saba, akasimama nyuma yangu anapumua sikioni.

Naye ana sharti lake: Jumapili baada ya misa nikiri mbele ya wacheza dame wote kwamba naficha vifuniko vyao vya chupa ndani ya kofia. Nimeapa. Nilikuwa sina njia.

Ijumaa, 16 Agosti

Amerudi, vikapu viwili vya samaki. Hajavua hata viatu, akauliza kifuniko kiko wapi. Akakaa kitandani, akaushika ukingo, akaanza kuupapasa. Wimbi moja moja. Mimi mlangoni, roho mkononi.

La kumi na saba, vidole vikasimama.

"Baba ya Angèle," akaniita kwa jina la binti yetu, "hii ni ya kwako."

Nikasema yote ni yangu. Akatabasamu. Akasema mengine ni mkono wa Casimir, uzi anauvuta vile vile tangu ujana. (Anajuaje?!) Nikasema basi nilifumue langu. Akakataa kabisa. Akasema siku moja Jenny atapapasa pale, atajua kambo wake alikuwepo.

Kitu kiliniingia jichoni. Moshi wa samaki.

Kisha akainua utepe puani. Akanusa. Naftalini! Akauliza, polepole, kikwembe chake cha jubilei kiko wapi. Maana kesho mama wote wa parokia watakivaa kwenye ndoa, na yeye alikitunza kwa siku hiyo tu.

Nikatoka nje kuwahesabu samaki.

Jumamosi, 17 Agosti

Alfajiri Emérance mwenyewe alinivua shati ya jubilei. Casimir akaifumua, akaiunga na kipande cha kikwembe kilichobaki. Imetoka sketi na blauzi. Emérance amefanana na wenzake wote, ila mfuko wa shati yangu, wenye doa la wino wa biki, umeangukia mahali ambapo siwezi kuandika.

Mimi nimekwenda na koti la usine. Wakwe walidhani ni mtu wa jenereta. Mara mbili nimeulizwa petroli iko wapi.

Kifuniko kikafunguliwa mbele ya watu. Kikalala chini kama maji! Vigelegele. Jenny alilia, Emérance akamshika mkono, akampeleka mpaka wimbi la kumi na saba. Sikusikia walichosema. Walicheka, na wakaniangalia.

Mama Adrienne, bibi wa bwana harusi, akauliza ni fundi gani aliyeweza mawimbi haya. Casimir alikuwa na samaki mdomoni. Nikajibu: ni mimi.

Jumapili, 18 Agosti

Nimekiri. Nilisimama penye dame nikasema kuna watu fulani, siwataji, ambao huenda wakaficha vifuniko. Casimir akakohoa. Nikavua kofia kwa heshima, vikaanguka vitatu. Basi, imetosha.

Mama Adrienne ametuma mtu. Anataka kifuniko chake kishonwe ukingo, mawimbi thelathini. Nimekubali papo hapo. Emérance hajui, na Casimir hana haja ya kujua, anapoteza kitambaa kingi mno na mshazari wake. Nitakata nyoofu. Kosa langu lilikuwa haraka tu.

Kitambaa kipo sandukuni, kizuri, cha kijani. Emérance amehamisha ufunguo, maskini.

Nimetumia dakika nne kuupata.