Mtaalamu wa Usingizi na Pikapu ya Shemeji

Wembe ulipita karibu mno na sikio lake, na hapo ndipo mtu wetu aliponusa riziki. Kinyozi alikuwa amepiga mwayo katikati ya kazi, mkono ukateleza, na badala ya kukasirika kama mteja yeyote mwenye akili timamu, yeye alitulia kitini akimtazama kupitia kioo. Aliona macho mekundu. Nyuma yake, kwenye benchi, aliona muuza magodoro akisinzia mdomo wazi. Mlangoni aliona fundi cherehani wa jirani, aliyekuja kuomba chenji, ameegemea fremu kafumba macho huku noti imemning'inia mkononi. Mtaa mzima ulikuwa haulali.

"Kaka, wewe hulali," akamwambia kinyozi kwa upole.

"Silali. Umejuaje?"

"Sikio langu limeniambia."

Mwezi uliopita, katika mji mwingine, mtu huyu alikuwa mtaalamu wa kuotesha nywele, na alihama baada ya nywele kukataa kuota. Siku hiyo, kabla kinyozi hajamkung'uta shingo, alikuwa ameshakuwa mtaalamu wa usingizi wa asili. Alipanga chumba kimoja nyuma ya ghala la mahindi, akatundika pazia la kijani, akanunua koti jeupe la mtumba lililokuwa na jina la daktari mwingine mfukoni, akalifunika jina hilo kwa kalamu tatu. Watu walianza kuja, na kila aliyeingia alimwita Mtaalamu.

Masomo yake aliyaokota kwenye redio na kwenye mabenchi ya zahanati. Usinywe kahawa wala chai kali jioni. Tembea kidogo kabla ya kulala. Loweka miguu kwenye maji ya uvuguvugu. Simu ikalale chumba kingine. Vuta pumzi taratibu, itoe taratibu zaidi. Inaniuma kumsifu, lakini lazima niseme haki: maneno hayo yote yalikuwa sawa, na kama angeishia hapo angekuwa mtu wa maana. Tatizo ni kwamba hakufunga safari yote ile kuja kusema maneno ambayo mtu angeweza kuambiwa na mama yake.

Kwa hiyo akayawekea kilele. Alieleza kwa sauti ya chini, macho yakitazama dari, kwamba kila mkosa usingizi ana kitu kimoja ndani ya nyumba kinachomvuta akili usiku, na kitu hicho sharti kihamishwe, kikapumzike kwa mtaalamu mpaka mwenyewe apone. Kinyozi akaleta televisheni, kwa sababu ilikuwa mbele ya kitanda na mpira hauishi. Muuza magodoro, mtu aliyelala juu ya bidhaa zake mwenyewe na bado akakesha, akaleta jenereta aliyokuwa akiiota ikiibiwa. Alitaka apone upesi kuliko wenzake, akauliza kama akileta vitu viwili atalala mara mbili. Mtaalamu akasema hilo linawezekana, na jioni ikaja friji.

Fundi cherehani ndiye aliyesita. Cherehani yake ilikuwa chumbani, hatua chache kutoka kitandani, na kila alipofumba macho aliziona sare za shule alizokuwa hajamaliza, akaamka kushona. Alikuwa na mkataba wa sare za shule nzima, wa kwanza mkubwa maishani mwake, na wanawe wawili walikuwa wanasoma kwa kazi hiyohiyo ya mikono yake. Mtaalamu akamwapia kwamba siku chache tu zingemtosha. Alilala kweli siku hizo chache, maskini, akashukuru, akaja kuchukua cherehani yake. Mtaalamu akamwambia bado ina joto la mawazo. Alikuja tena, akaambiwa Jumamosi.

"Mtaalamu, shule inafunguliwa Jumatatu," fundi akasema. "Nisipopeleka sare, kazi anapewa mwingine. Nakuomba kama ndugu yako."

"Jumamosi, dada yangu. Na ukija, njoo na moyo mweupe."

Jumamosi mwenyewe alikusudia asiwepo. Chumba kilikuwa kimejaa mpaka pazia la kijani halifungi, mlango una kufuli mbili, na kilichokosekana ni gari tu. Alikuwa akiwaza atampata wapi mwenye gari asiyeuliza maswali, pale mama mwenye nyumba za mtaa ule, mjane mmoja mnene wa maneno machache, alipoingia akaketi bila kukaribishwa. Alisema hapati usingizi. Alipoulizwa kisa, akasema ni pikapu. Mara breki, mara tairi, mara nani kaiegesha wapi.

Mtaalamu alijizuia asicheke. Alikuna kidevu, akavuta pumzi taratibu, akaitoa taratibu zaidi. Akasema ni kesi nzito, lakini pikapu ikilala kwake siku mbili tatu, mama atakoroma.

"Nitaileta," mama akasema. "Ila ina dereva wake, shemeji yangu, mdogo wa marehemu mume wangu. Hawaachani. Ni mtu mwema, tena mzungumzaji kidogo."

Mtaalamu akaona dereva si kitu. Alishawapiga chenga watu wenye bunduki, sembuse shemeji wa mtu.

Shemeji, ambaye mtaa mzima ulimwita hivyohivyo, alifika Ijumaa asubuhi akiwa na pikapu, funguo zimefungwa kiunoni kwa kamba. Hakuwa ameshuka vizuri alipoanza kusimulia jinsi alivyowahi kununua pampu ya maji. Alianza na mtu aliyemwelekeza dukani, akaeleza shati la mtu huyo, akasema lilikuwa la bluu, akajisahihisha kwamba la bluu ni la ndugu yake, kisha akaeleza ni ndugu wa baba au wa mama. Sauti yake ilikuwa moja tu, haipandi wala haishuki. Mtaalamu akamtuma maji. Akarudi na ndoo akiendelea pale alipoachia. Akamtuma kamba, akarudi na kamba, na pampu ilikuwa bado haijatoka dukani.

Basi Mtaalamu akakata shauri aondoke naye na kumtupa njiani. Alimwambia kwamba vitu vya wagonjwa vinahitaji hewa safi ya nje ya mji. Shemeji hakuuliza hata neno moja. Wakabeba televisheni, jenereta, friji, na mwisho cherehani, Mtaalamu mwenyewe akiishika kwa chini asije akaivunja, maana tayari alikuwa na mnunuzi. Shemeji akafunga mzigo vizuri kwa kamba. Mpango ulikuwa mwepesi: kwenye kituo cha mafuta Shemeji atashuka, naye atakula kona na pikapu pamoja na mzigo wake.

Sasa kuna jambo moja ambalo wagonjwa wake hawakulijua. Mtaalamu wa usingizi hakuwa amelala vizuri tangu aanze kazi ya kudanganya watu. Alilala na viatu, uso umeelekea mlangoni, na kila mbwa aliyebweka alimhesabu kuwa ni mteja. Namwonea huruma kidogo, kidogo sana. Walipokuwa njiani, jua la mchana lilikuwa likiingia dirishani mwa pikapu, injini inanguruma chini kwa chini, na pembeni yake Shemeji alikuwa amefika kwenye skrubu za pampu.

"Zilikuwa nne," Shemeji alisema. "Ya kwanza ilikuwa nzima. Ya pili nayo ilikuwa nzima, ila ilikuwa fupi kuliko ya kwanza. Si fupi sana. Tuseme ni ya kawaida, ila ya kwanza ndiyo iliyokuwa ndefu..."

Mtaalamu alijifinya paja. Akajifinya tena, kwa nguvu ndogo zaidi. Kidevu kikashuka kifuani, mdomo ukafunguka, na koti jeupe likaanza kupanda na kushuka. Shemeji alimtazama, akageuza gari barabarani bila kukatiza sentensi.

Kilichomwamsha ni mlio wa cherehani. Alijinyoosha, mwili mwepesi, kichwa kimetakata, raha ambayo hakuwa ameionja kwa miaka. Alikuwa amelazwa juu ya godoro jipya, bado lina nailoni, kivulini mwa ua wa mama mwenye nyumba. Pikapu ilikuwa tupu. Fundi cherehani alikuwa anashona sare mbiombio bila kuinua kichwa, machozi ya furaha yamemkaukia mashavuni. Muuza magodoro alikuwa amekalia jenereta yake. Kinyozi alikuwa akisema taratibu kwamba televisheni sasa itakaa kwenye kinyozi chake, maana bila hiyo amelala kama binadamu.

"Hatukutaka kukuamsha," mama mwenye nyumba akasema. "Polisi walituambia vitu tulikupa kwa mikono yetu wenyewe, tusubiri uviondoe mjini ndipo waje. Mlango wako una kufuli mbili. Nikaona mwenye mzigo asiye na gari, nimpe gari, atautoa mwenyewe."

"Na huyu?" Mtaalamu akauliza, akimwonyesha Shemeji.

"Marehemu mume wangu akikosa usingizi alikuwa anamwita tu aje akae kitandani amsimulie." Mama akavuta kigoda karibu. "Chagua sasa. Ama polisi, ama uwe utingo wake mpaka mwisho wa mwaka. Anahitaji mtu wa kukaa naye mbele."

Uso wa Shemeji uling'aa. Alifurahi kwa dhati, kwa sababu watu wote humkimbia, na huyu peke yake ndiye aliyekaa naye safari nzima. Alipangusa kiti cha abiria kwa kiganja. Mtaalamu alimtazama, akatazama pikapu, akavaa kiatu kimoja baada ya kingine.

"Mama," akauliza, "kituo cha polisi kiko mbali?"

"Si karibu," Shemeji akajibu, akifungua mlango. "Panda, nakupeleka mimi. Tulikuwa tumefika skrubu ya tatu."