Gemu za Kumponya Baba

Jumatatu, 3 Machi

Dada kapiga simu tena. Anataka Baba ahamie kwake mwisho wa mwezi. Hakuuliza. Alitangaza! Ni mkunga, miaka ishirini sasa, amezoea watu kutoka pale anapowaambia watoke.

Sababu zake: kwake hakuna ngazi. Shemeji, mumewe, ameshafunga vyuma vya kushikia chooni. Tena Baba anahitaji mazoezi ya mkono na mimi simfanyishi. Uongo mtupu. Juzi nimemkumbusha mara mbili.

Baba alipatwa na kiharusi mwezi wa kumi. Mkono wa kushoto umelala. Ndio uliokuwa ukishika tofali huku wa kulia ukipaka udongo, miaka arobaini ya uashi. Sasa unakaa mapajani kama mgeni asiyejua aanze na salamu gani. Mtaalamu wa mazoezi wa hospitali, mimi namwita Bwana Viungo, alimpa mpira wa kufinya. Baba aliufinya siku mbili, akaurudisha mfukoni mwake. Anasema hajawahi kufanya kazi isiyoacha kitu nyuma.

Leo nikiwa kazini, nimeinamia mashine ya kutoa nakala, karatasi zimekwama, wazo likanishukia. Gemu! Mashine ya gemu ninayo. Pedi za kushika mkononi ninazo mbili. Na maoni juu ya gemu ninayo kuliko mtu yeyote ninayemfahamu, ingawa hakuna aliyewahi kuniuliza. Baba atacheza, vidole vitaamka, Dada atafyata ulimi, Baba atabaki hapa.

Si kwamba naogopa kuishi peke yangu. Hili ni suala la tiba.

Jumanne, 4 Machi

Nimeanza na matofali yanayoanguka. Maoni yangu: hakuna gemu iliyoipita. Haina hadithi, haina damu. Tofali linashuka, unalipanga. Nani wa kuipenda kuliko fundi mwashi?

Nikamshikisha Baba pedi, vidole vya kushoto nikaviweka mwenyewe juu ya kitufe. Alicheza kwa mkono wa kulia tu. Akapanga mstari wa kwanza, umenyooka, hauna upenyo. Mstari ukatoweka. Akaniuliza umekwenda wapi. Nikamweleza kwamba huo ndio ushindi wenyewe, mstari ukijaa unafutwa.

Tangu augue maneno yanamtoka polepole, kwa hiyo yakitoka yanakuwa yameshaiva.

"Ukikosea, unabaki. Ukipatia, unafutwa. Aliyeitunga hii alifiwa na nani?"

Nimeicheza gemu hiyo tangu nikiwa na miaka kumi na sita. Leo nina arobaini na moja. Sikuwahi kuliona hilo. Sasa nikiifungua naona huzuni tupu. Asante sana, Baba.

Alhamisi, 6 Machi

Magari. Gemu ya magari ni ya watu wasio na subira, nami ni mmoja wao, kwa hiyo naipenda bila aibu. Anga yake tu! Nimewahi kugonga ukuta kwa kuangalia mawingu.

Baba aliendesha kama anayepeleka mayai sokoni. Wenzake walimzunguka mara tatu. Nikamsihi akanyage mafuta. Akasema anatazama nyumba. Kumbe nyumba zote za kando ya barabara hazina milango! Madirisha yamechorwa tu. Akauliza wenyewe wanaingilia wapi. Mwishowe akasimamisha gari kabisa mbele ya ghala moja anionyeshe kona iliyopinda. Akawa wa mwisho. Akasema hakuambiwa kama ni mashindano.

Nikaweka masumbwi. Akauliza hawa wamekosana nini. Ikabidi nitunge ugomvi wa shamba la urithi. Akaweka pedi chini, akasema wakae wazungumze. Huku mtu wake anapigwa ngumi za mbavu! Maoni yangu: gemu ya masumbwi haina kasoro. Kasoro ni kuicheza na mtu mwenye utu.

Kidole cha kushoto hakijatikisika hata kidogo.

Dada kapiga kuuliza maendeleo. Ulimi ukaniponyoka, nikasema Baba anacheza kwa mikono miwili na kunishinda. Dada akasema Jumapili anakuja kujionea kwa macho yake.

Ijumaa, 7 Machi

Akili ni nywele, na zangu leo zimesimama.

Mpango wenyewe: tutaweka kandanda. Pedi ya Baba nitaitoa betri. Ya kwangu itakuwa chini ya shuka, mapajani mwangu, nikikaa nyuma yake. Yeye atashika, mimi nitacheza. Dada haijui gemu wala hamjui anayeicheza.

Kazini nikachapa chati ya maendeleo ya mgonjwa, ya rangi. Mstari ulipanda hadi ukatoka nje ya karatasi. Nikaunga karatasi ya pili kwa gundi.

Jioni nikampa Baba pedi aijaribu. Nikamwambia ni ya kisasa, haihitaji nguvu, wewe gusa tu. Akaipima kiganjani, juu, chini. Akanitazama. Nadhani ameipenda.

Jumapili, 9 Machi

Ushindi!

Dada na Shemeji walikaa kwenye kochi. Baba mbele, mikono yote miwili juu ya pedi. Mimi nyuma na shuka langu, nikijifanya nina homa. Tukashinda manne kwa moja. Maoni yangu juu ya gemu ya kandanda: kilicho bora kuliko vyote ni kelele za mashabiki, maana zinafunika sauti ya vitufe.

Na Baba! Bao la tatu akapiga ukelele. Ukelele wa kweli, kichwa nyuma, meno nje. Dada akajifuta macho. Akasema hajamsikia Baba akishangilia tangu tumzike Mama.

Nikavuta shuka hadi kidevuni.

Ila furaha haikosi doa. Shemeji, mtu ambaye hajawahi kushika pedi maishani, akaomba kujaribu dhidi yangu. Nikaingia jikoni na pedi ya Baba, nikairudishia betri kisirisiri, nikatoka na zote mbili. Akanifunga matatu bila. Kila akifunga anasema samahani. Mtu anayeomba radhi kila akifunga bao si wa kuaminiwa.

Dada akaagana nami akinishika mkono kwa mikono yake yote miwili. Anasema hakujua kama ninamtunza Baba hivi. Anasema habari ya kuhama ameiweka kando. Nilikaribia kuruka. Halafu akaongeza kwamba Jumamosi atakuja na Bwana Viungo, ashuhudie, wagonjwa wengine nao wafaidike.

Loh. Nimejikaanga kwa mafuta yangu mwenyewe.

Jumatano, 12 Machi

Siku tatu za mazoezi ya kweli. Nimemfanyisha Baba asubuhi kabla ya kazi na jioni baada ya kazi. Mkono haujajibu. Leo alikuwa amechoka hata kuzungumza, ndipo nikamwekea gemu yangu moja ya zamani, ya mpanda mlima, bora siku iishe.

Maoni yangu ya zamani juu yake niliyaandika juu ya boksi kwa kalamu: uchovu mtupu. Hakuna adui, hakuna pointi. Mtu mmoja anapanda mlima wa theluji. Usipobonyeza kitu anakaa, anawasha moto, anatazama bondeni.

Yule mtu akakaa, maana hakuna aliyebonyeza. Nikanyoosha mkono nimwinue.

"Mwache apumzike," Baba akasema.

Tukamwacha. Jua la kwenye kioo likashuka mpaka theluji ikawa rangi ya chungwa. Baba akaanza kuzungumza. Akanieleza ukuta wa kwanza aliowahi kujenga, kabla hatujazaliwa, Mama akimchotea maji na kumkorogea udongo. Mvua ikanyesha, ukuta ukalala chini wote. Anasema Mama alicheka hadi akakaa kwenye tope, naye akakaa karibu yake, wakacheka wote wawili, hawana nyumba.

Sikuijua habari hiyo. Miezi mitano namuuliza mkono unaendeleaje, hata siku moja sikumuuliza jambo jingine. Tulikaa saa nzima. Sikumbuki saa nyingine nzuri kama hiyo katika nyumba hii.

Halafu nikashtuka. Saa nzima bila zoezi hata moja! Jumamosi iko mlangoni nami namtazama mtu aliyekaa. Mjinga mimi.

Jumamosi, 15 Machi

Nimeumbuka.

Walikuja saa nne asubuhi. Dada, Shemeji, Bwana Viungo na begi lake. Nikaweka kandanda, pedi ya Baba nimeitoa betri tena, nikaketi nyuma na shuka. Mambo yakaanza vizuri. Baba anashangilia, timu inakwenda. Bwana Viungo akatikisa kichwa kwa mshangao. Akasema anataka kuona kidole kipi hasa kinachofanya kazi. Akainama, akaichukua pedi mkononi mwa Baba, akaigeuza aitazame.

Timu ikaendelea kukimbia. Nilikuwa nimekaza macho kwenye kioo. Nikapiga chenga mbili, nikafunga bao.

Mashabiki wakalipuka. Pedi ya Baba bado iko mkononi mwa Bwana Viungo.

Dada akaja akainua shuka. Vidole gumba vyangu vilikuwa bado juu ya vitufe.

Nilijiandaa kwa makelele. Makelele ya Dada nayaweza, nimekua nayo. Hakupiga kelele. Alikaa chini sakafuni, pale pale, na sare yake ya kazi, akalia kama mtoto aliyepotea sokoni. Akasema amewaambia wenzake wote wodini. Akasema alikuwa ameanza kumshonea Baba shati la vifungo, alifunge mwenyewe kwa mikono miwili.

Bwana Viungo akamwomba Baba anyanyue kikombe kwa mkono wa kushoto. Hakikunyanyuka. Akasema, taratibu, bila kunitazama, kwamba miezi ya mwanzo ndiyo yenye thamani, na wiki ikipotea haiombwi irudi. Afadhali angenitukana.

Walipotoka kuzungumza nje, nikapiga magoti mbele ya Baba. Nikamwomba msamaha kwa kumdanganya.

"Pedi ilikuwa nyepesi," akasema.

Amejua tangu Ijumaa ile! Mwashi hupima tofali kwa kiganja, sembuse pedi isiyo na betri. Nikamuuliza kwa nini basi alishangilia.

"Ulikuwa unafurahi, Kitinda." Ndivyo anavyoniita, mimi mtoto wa mwisho. "Miaka mingi sijakuona hivyo. Nikasema nikusaidie."

Dada aliporudi, Baba akamwambia mwenyewe kwamba atahama. Kesho, si mwisho wa mwezi. Dada akamuuliza kama ana hakika.

"Nikibaki," Baba akasema, "huyu hatatoka ndani."

Alisema kama vile sipo. Nilikuwepo. Nilikuwa nakunja shuka.

Jumapili, 16 Machi

Ameondoka.

Shemeji alimshusha ngazi hatua kwa hatua, akimhesabia. Alimshika vizuri, sina la kusema. Mimi nilibeba begi la nguo na mfuko wa zana: mwiko, timazi, pima maji yenye kioo kilichopasuka. Zana hatazitumia. Lakini alizitaka ziwe katika chumba atakachokuwamo yeye.

Mlangoni akaniambia nile vizuri. Nikamwambia nitakula. Gari likaondoka, nami nikabaki nikipunga mkono hata lilipokwisha kupinda kona.

Nyumba imekuwa kubwa. Nikakohoa ukumbini, kikohozi kikanirudia.

Nikaweka ile gemu ya mlima. Nikamwacha yule mtu akae. Dakika nne nikashindwa. Maoni mapya: si gemu ya mtu mmoja, ingawa boksi linasema ni ya mtu mmoja.

Shemeji kapiga jioni kunijulisha kwamba Baba amefanya mazoezi nusu saa, wajukuu wakimhesabia kwa sauti. Hakukataa wala hakulalamika. Ningepaswa kumshukuru Mungu. Nilishukuru. Kisha nikatamani ingekuwa robo saa.

Jumanne, 18 Machi

Nimetafakari siku mbili, na kosa langu nimelipata. Uzito! Ningeweka betri zilizokufa, pedi ingekuwa na uzito wake, Baba asingejua na mimi nisingeumbuka. Jambo dogo namna hiyo limeniharibia mpango mzuri. Nimelikumbuka nikiwa kazini, nikagonga meza hadi mteja akadondosha cheti cha ndoa alichokuja kutolewa nakala.

Basi, yaliyopita si ndwele. Nina mpango mpya, na huu hauna gemu wala betri. Nitaumwa mgongo. Mgongo hauonekani, hata Bwana Viungo hawezi kuuchungulia. Baba akisikia mwanawe wa mwisho amelala hawezi kuinuka, na hana wa kumpa maji, ataweza kukaa kwa Dada? Hawezi. Atarudi.

Jioni hii nimempigia. Nikaguna mara tatu, ya tatu nzuri kuliko zote. Baba akanisikiliza mpaka mwisho. Akasema pole. Akasema nilale chali juu ya sakafu, bila godoro, ndivyo mafundi wanavyofanya, na asubuhi nitakwenda kazini. Kisha akasema pole tena. Mara mbili! Mtu hasemi pole mara mbili kama hajaguswa. Nyuma yake watoto walikuwa wanamwita wakale, naye akawaambia anakuja.

Amenasa. Nampa siku tatu.

Nimelala sakafuni sasa hivi, ili nikiulizwa niwe na maelezo kamili. Saruji ni baridi. Nimejaribu kuinuka kufunga dirisha, nikashindwa. Mgongo umekaza kweli, kuanzia kiunoni hadi shingoni, na simu iko juu ya meza.

Safi kabisa. Kesho sitahitaji kuigiza.