Mstari Mmoja kwa Dirisha Moja

Jumatatu, 3 Juni
Habari kubwa. Mkurugenzi, mama asiye na maneno mengi, amebandika tangazo: mapokezi yanahitaji mchoro wa mandhari, uchorwe na mfanyakazi. Mshindi atahamia chumba namba saba, ghorofani. Chumba namba saba kina dirisha! Mimi ni karani wa masjala katika ofisi hii ya upimaji ardhi. Miaka kumi na moja nalinda majalada ya viwanja vya watu katika stoo ya chini, ambako mvua naijua kwa viatu vya wenzangu tu. Dirisha hilo ni langu.

Kikwazo: sijui kuchora. Kikwazo kingine: mhasibu, tunayemwita Kalamu Nne kwa zile anazochomeka mfukoni, anajua. Tayari anatamba kwamba ataweka mlima, mto na ng'ombe kumi na wawili, kila mmoja na kivuli chake.

Jumanne, 4 Juni
Nimepata njia. Katika gazeti la zamani lililofungia jalada nimeona picha ya mchoro wa jumba la sanaa. Rangi mbili. Juu nyeupe, chini kijivu, basi. Maelezo yanasema ni uwanda. Na kweli, nilipoutazama kwa muda nikahisi upepo. Uwanda hauna ng'ombe. Hauna hata jani!

Mahitaji: ubao wa plaiwudi, rangi ya maji ya krimu iliyobaki tulipopaka jiko, rangi ya mafuta ya kahawia iliyobaki tulipopaka geti, na selotepu ili mstari unyooke. Muda: saa moja na nusu, pamoja na chai.

Jumatano, 5 Juni
Nimemaliza kwa dakika arobaini. Mke wangu akaja, akatazama kwa heshima, akauliza naanza lini kuchora. Nikamwambia hiyo ni ardhi na anga. Akasema sawa, baba watoto, ila brashi iliyopaka anga nisiisahau nje.

Tatizo. Pale mpakani nimepaka rangi ya maji juu ya rangi ya mafuta. Haishiki. Nilipobandua selotepu mstari ulilegea upande wa kulia, na ukingo ukaanza kujikunja. Nimeubonyeza kwa mgongo wa kijiko. Joto likiupata utabanduka wote. Dawa: nitasema mchoro huu hautaki jua.

Ijumaa, 7 Juni
Siku yenyewe. Ng'ombe wa Kalamu Nne wametimia, ingawa wa saba ana miguu mitano. Mwenyewe anadai mmoja ni mkia. Kisha wangu. Kalamu Nne akauliza ni nani aliyesahau mlango wa kabati lake. Wakacheka.

Hapo mpimaji mkuu akasogea karibu. Akasema kiwanja hicho anakijua. Msaidizi wake akabisha: kile anachokisema mzee kina mteremko. Mpimaji mkuu akamuuliza, kwani hapo unaona nini, bwana, au macho umeyaacha nyumbani? Wakaleta pimamaji ya kupimia usawa, wakaiweka kwenye mstari wangu. Kiputo kikakimbilia kushoto, upande wa juu. Ardhi inashuka kulia! Wakaanza kugombania mahali yalipo mawe ya mpaka. Nusu saa nzima. Hakuna aliyewakumbuka ng'ombe.

Mkurugenzi alisogea hadi mbele ya mchoro. Kisha akasema, kwa sauti ya chini, kwamba hivyo ndivyo palivyokuwa mahali alipotumwa kupima mara ya kwanza, bado msichana. Jicho halikuwa na cha kushika ila ule mstari. Alilia siku nzima, na tangu hapo hajapapenda mahali pengine kiasi kile. Akaniuliza nilijuaje. Nikajibu kwamba msanii hajui, anaona. Sijui nililitoa wapi neno hilo.

Nimeshinda! Kwa usalama nikaongeza kwamba mchoro hautaki jua hata chembe.

Jumatatu, 10 Juni
Nimehamia. Nimekaa dirishani dakika ishirini na tano. Nimeona paa la bati, paka mmoja, kamba ya nguo na anga lote. Nikajisikia mtu.

Saa nne Mkurugenzi akaingia na fundi seremala. Akasema amelifikiria neno langu. Mapokezi yana jua kutwa, mchoro utaharibika, na hakuna wa kuulinda kama aliyeuchora. Wakautundika mbele ya meza yangu. Kisha fundi akapima dirisha na kuliziba kwa mbao. Misumari ishirini na minane. Mimi ndiye niliyemshikia ngazi. Kalamu Nne alipita kunipa pole, akaniuliza kama niwashiwe taa. Ng'ombe wake sasa wako mapokezi.

Jumanne, 11 Juni
Nimelichambua jambo hili hatua kwa hatua. Mpango ulikuwa safi. Kosa lilikuwa maelezo.

Na bahati imenirudia! Mkurugenzi anataka mchoro wa pili. Amesema nichague mwenyewe mazingira yanayoufaa, na popote utakapowekwa, meza yangu itaufuata. Mara hii sikurupuki. Chini kijani, juu krimu. Maelezo nimeshayapiga chapa, nakala mbili, na moja nimemkabidhi mezani kwake: mchoro huu hauvumilii kufungiwa, unahitaji mwanga wa mchana kutwa, hewa safi, na nafasi wazi pande zote nne.