Maji Safi Yaliyowaka Mbele ya Wakubwa

Jamani, leo nimejivua nguo mbele ya wakubwa, na abacost, suti yetu ya heshima, nilikuwa nimevaa.

Mnajua mimi ni mkemia kwenye maabara ya mgodi hapa Lubumbashi. Nina dawa moja, naipenda kama mtoto wangu. Ukiitia kwenye maji yenye zinki, halafu ukayamulika gizani kwa taa ya urujuani, yanawaka kijani. Hakuna zinki, hakuna mwanga. Mkurugenzi alikuwa ameniahidi: nikimwonyesha vizuri mjumbe wa Chama, nitapelekwa Ubelgiji kusoma. (Koti la baridi nimeshashonewa na Mzee Saidi, fundi wetu wa Kimaniema. Mtaa wetu mzima wa Bel-Air umeliona. Nililianika makusudi.)

Asubuhi, bomba limekauka. Mtambo wa kusafisha maji nao mbovu, unangoja kipuri tangu enzi na enzi. Nikaona isiwe taabu, nikachota kwenye ndoo iliyokuwa pembeni. Maji maangavu, hayana hata kijivumbi!

Wakaja. Nikafunga mapazia, nikatia dawa kwenye glasi mbili za maji, nikajikohoza kiprofesa.

"Verre ya kwanza, maji ya kiwanda. Ya pili, maji safi, haina kitu. Muangalie!"

Nikawasha taa. Ya kwanza ikawaka. Ya pili ikawaka zaidi. Mama yangu!

"Citoyen," (ndivyo raia tunavyoitana) akaniuliza Citoyenne Ngoie, mkemia mwenzangu (naye aliitaka Ubelgiji hiyo hiyo), "ile maji safi ulitoa wapi?"

"Mu ndoo."

"Ndoo ya plastiki?"

Nikageuka kuitazama. Ndoo ni ya bati. Bati lile limepakwa zinki, na maji yamelala humo yakiilamba usiku kucha. Dawa yangu haikukosea. Mjinga ni mwenye dawa.

"Ya bati," nikasema.

Ngoie akacheka. Mkurugenzi akafumba macho. Lakini mjumbe wa Chama, ambaye hakuelewa hata chembe, akasimama akapiga makofi.

"Bravo, Citoyen! Zaïre iko tajiri! Hata maji ya kunywa iko na zinc!"

Akipiga yeye, nani atakaa? Tukapiga wote. Na mimi nikajipigia mpaka viganja vikauma, huku Mkurugenzi akininong'oneza sikioni: "Ngoie njo atakwenda Ubelgiji."

Anayetaka kucheka na acheke. Ila makofi, tafadhalini, yametosha.