Ombi la Kurudishiwa G Yangu

Kwa Mkuu wa Idara ya Isimu,

Mheshimiwa, natumai barua hii itakukuta ukiwa mzima wa mwili na koo.

Mimi ni Patrobas Nalianya wa Buruburu, fundi wa kuchomelea mageti huko Industrial Area. Binti yangu Khalayi yuko mwaka wa kwanza katika idara yako, anasomea sauti za lugha. Nilimleta kwenu akiwa na adabu. Malalamiko yangu ni haya:

1. Wiki ya pili ya masomo alirudi nyumbani akatushika koo mmoja mmoja, eti asikie kama linatetemeka tukisema. Mama yake alivumilia. Mchungaji aliyekuja kutuombea hakufika amina.

2. Zamu yangu ilipofika aliniambia niseme "geti". Nikasema. Akaniambia polepole, "Baba, koo halijatetemeka. Umesema keti."

Mheshimiwa, kwa miaka kumi na tisa nimewauliza wateja wanataka geti gani, nao wanaketi. Nilidhani wanaheshimu kazi yangu. Nilinunua hata benchi ya pili.

3. Tangu siku hiyo naona haya kufungua mdomo. Siku tisa nimefanya kazi kwa ishara. Bi Ndinda aliagiza geti lenye maua, nikamuuliza kwa vidole ni mangapi, akadhani namwonyesha mtindo mpya, akaukubali; sasa ana geti lenye mikono. Mwenzangu Ochola ametangaza kwamba nimefunga kwa maombi, na kanisa limenichagua nihubiri Jumapili.

4. Naomba basi mnirudishie G yangu. Kama mmeshaitumia darasani, nitapokea ya mhadhiri yeyote asiye na gari wala geti.

Siku saba zikipita bila jibu, nitakuja kukaa ofisini mwako bila kusema neno. Nimeshapata mazoezi.

Wasalimie wahadhiri, makarani na mama anayefagia ukumbi. Mama Khalayi anawasalimu pia, kwa sauti yake yote.

Wako mnyamavu,
Patrobas Nalianya

Baada ya sahihi: Khalayi ameisoma barua hii sasa hivi. Anasema sikukosea. Kwetu Wabukusu G hutoka tu ikitanguliwa na N, kama kwenye "nguo", kwingine huwa K, na mimi nafuata kanuni hiyo bila kuteleza hata mara moja. Kumbe alinirekodi, na mhadhiri amewasikilizisha wanafunzi mia mbili, wote wakaandika. Tafadhali msinirudishie chochote. Nijulishe tu kipindi kijacho ni saa ngapi. Suti iko kwa dobi.