Meno ya Kurithi

Jumatatu, 3 Juni

Nimechoka. Vidole vinne vina plasta. Mteja wa kwanza aliviona, akauliza kama kinyozi anayejikata mwenyewe atamwacha yeye salama. Nikamweleza ni mbwa, tena mbwa wa mchezo tu. Akasema atarudi. Harudi.

Kamanda anauma akicheza. Hana ubaya. Nikifika jioni, katika nyumba nzima ni yeye peke yake anayeinuka kunipokea, na kwa hilo namsamehe meno yake yote. Mke wangu hamsamehe hata moja. Leo ametangaza: mama yake anakuja Jumamosi. Mbwa akimgusa Mama hata ukucha, anarudi kwa mlinzi wa ghala aliyetupatia. Nikimtetea, nimfuate.

Nikamwambia kuuma ni tabia ya kuzaliwa. Mtoto wa nyoka ni nyoka. Akajibu hajaniuliza habari za nyoka.

Jumanne, 4 Juni

Jirani yangu fundi viatu alichukua ndugu yake Kamanda. Tumbo moja, siku moja. Anaitwa Soli. Nyumba ile imejaa ngozi, buti na kandambili, na Soli haumi hata kisigino! Anakaa mlangoni kama karani. Inaudhi.

Fundi viatu alipita saluni kunichokoza, ndiyo kazi yake ya pili. Akasema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Yeye, Soli akimng'ata, huacha mchezo na kumgeuzia mgongo, basi. Mimi nikiumwa napiga kelele, nacheka, nakimbia, halafu narudisha vidole vilevile. Mbwa gani ataacha uhondo huo? Wateja wawili wakacheka. Kwenye viti vyangu, mashine yangu ikiwa kichwani kwa mmoja wao.

Jumatano, 5 Juni

Nilifunga mapema, nikaenda ghalani kutafuta ushahidi. Nilitaka kumwona mama mzazi wa Kamanda. Akiuma, kesi imekwisha: ni damu, na hakuna mtu mwenye haki anayemfukuza mtoto kwa kosa la mamaye.

Nikamchezeshea vidole puani. Akanitazama, akapiga miayo. Nikachezesha zaidi. Akalala. Mlinzi akaniomba kwa adabu nimwache mama wa watu apumzike, ana mimba nyingine. Akaongeza kwamba mtoto akimng'ata kupita kiasi, mama huinuka akaenda zake, na watoto hujifunza hivyo. Mlinzi mwenyewe anasinzia kazini. Atajuaje?

Basi damu mbaya ni ya baba. Baba hajulikani alipo. Mwerevu huyo. Soli kachukua ya mama, Kamanda wangu maskini kachukua ya baba. Dawa ni moja tu. Ilinijia nikioga.

Alhamisi, 6 Juni

Nimewabadilisha. Mpaka Mama aondoke tu.

Wanafanana kabisa, ila Kamanda ana mguu mmoja mweupe. Nikampaka piko, ile ya kuficha mvi za wateja. Soli nikampaka poda ya saluni kwenye mguu huohuo. Fundi viatu alikuwa amekwenda kununua gundi, na ua wake una tundu. Nilipomwacha Kamanda upande wa pili, akanifuata hadi kwenye tundu, nikalazimika kuliziba kwa ndoo. Roho iliniuma. Nikamwambia ni siku chache tu, mwanangu.

Soli amekaa sebuleni kwa heshima zote. Mke wangu akauliza mbwa amekuwaje. Nikasema nimemfundisha. Akanitazama sana. Kisha akauliza mbona anapiga chafya.

Ijumaa, 7 Juni

Lazima kuhakikisha. Mtu hamkabidhi mama mkwe kwa mbwa asiyemjua.

Asubuhi nikamjaribu Soli kwa vidole. Hakuuma. Nikarudia. Mchana nikatumia soksi. Nikamtingishia kidole, nikakimbia, nikarudi. Jioni akakikamata kidole gumba, taratibu tu. Nilipiga kelele na kucheka kwa mshtuko. Alifurahi sana, mkia ukawa haukamatiki. Hiyo haihesabiki, nilimshtukiza. Nikaendelea kumjaribu mpaka plasta zikaisha dukani.

Jumamosi, 8 Juni

Aibu.

Mama alifika. Nikamwamkia, nikapokea mkoba, nikamkaribisha kiti kizuri. Soli akaja. Mama akamnyooshea vidole, akang'atwa. Hakutoka damu, lakini alipiga kelele na kukimbia, na Soli akaona huu sasa ndio mchezo wenyewe. Wakazunguka meza, Mama mbele, Soli nyuma na kandambili ya Mama mdomoni. Kumkimbilia mama mkwe ni utovu wa adabu. Kusimama tu nako ni utovu wa adabu. Nilisimama, nimekumbatia mkoba.

Fundi viatu akasikia, akaja. Nyuma yake Kamanda, mguu umeoshwa, mweupe pe! Akaambiwa keti. Akaketi! Mama akamshika kichwa, akasema mbwa aliyelelewa ndiye huyu. Fundi viatu akaeleza kwa upole kwamba alijua tangu Alhamisi, maana mbwa alipakwa piko, na mtaani kwetu mwenye piko ni mmoja. Akasema Kamanda alimuuma siku ya kwanza, akamgeuzia mgongo. Jana alimuuma kidogo. Leo hajamuuma.

Mke wangu hakupaza sauti. Heri angepaza. Alisema nyani haoni kundule, akaenda kumletea Mama maji. Kuhusu mbwa, alisema neno lake lilikuwa lile la Jumatatu.

Fundi viatu akasema hakuna haja ya kumrudisha mtu ghalani, atawalea wote wawili. Wakaondoka bega kwa bega. Mlangoni Kamanda aligeuka mara moja. Iliniuma kuliko vidole vyote.

Jumapili, 9 Juni

Nimemsindikiza Mama. Nimerudi, nimefungua mlango. Hakuna aliyeinuka.

Nikaenda uani, nikaondoa ndoo, nikapitisha vidole tunduni. Soli alikuwa amelala, hakujisumbua. Kamanda akaja. Akanusa. Akageuka kumtazama fundi viatu aliyekuwa akishona buti. Nikavichezesha kidogo. Akafikiri. Kisha akaniuma, barabara, palepale pa zamani.

Amenikumbuka! Machozi yalinitoka, wala si ya maumivu.

Tena huo ni ushahidi. Amelelewa, ameketishwa, amesifiwa na Mama mzima, na bado. Damu ni damu. Nilisema tangu Jumatatu, nani alinisikiliza?

Kesho nakwenda kwa mlinzi kuweka nafasi. Wale wa tumbo hili jipya sitawachukua kwa pupa. Nitatafuta mwenye damu safi, asiyejua kuuma kabisa, na mke wangu ataona. Nitawapima wote, mmoja mmoja, kwa vidole.